Jiwe Lililomwita Baba

Nilipokuwa mtoto, tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, na kilima chetu tumekiacha nyuma, upande wa mbugani. Baba alikuwa amevuka mpaka kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai huko Kenya, na hakuna aliyejua angerudi lini.

Mwaka huo alikuja mama mmoja wa serikali, mtaalamu wa miamba, akaitisha mkutano. Tulizoea mikutano ya kuambiwa. Yeye aliuliza: mawe ya huku mnayajua vipi? Watu walihofu kuhamishwa tena. Bibi yangu, Ghati, ndiye aliyesimama.

"Kilimani kwetu kuna jiwe linalolia," alisema. "Ukiligonga ukamtaja aliye mbali, anasikia."

Kesho yake alimpeleka, nami nikafuata. Jiwe lilikuwa kubwa kama ng'ombe aliyelala, limejaa vishimo vya kugongwa na watu wa zamani. Mtaalamu alitoa nyundo yake, kisha akasita.

"Bibi, naruhusiwa?"

"Unamwita nani?"

"Mama yangu. Lakini alishafariki."

"Basi huyo mwache apumzike, mwanangu."

Akairudisha nyundo mkobani. Bibi akaokota kokoto, akagonga, jiwe likalia kama kengele ya kanisa. "Marwa!" alimwita baba. "Marwa, rudi nyumbani!" Sijasikia tena mtu akiitwa hivyo.

Mtaalamu aliinama akatuonyesha jinsi jiwe lilivyoegemea ncha chache tu, chini yake pakiwa wazi. Ndiyo sababu lilikuwa linalia.

Bibi alichungulia, akaridhika. "Kumbe ndiyo maana sauti inafika mbali."

Baba alirudi wakati wa palizi ya mtama. Kijiji kizima kilisema ni jiwe. Mwenyewe alisema kazi ilikwisha. Hata mavuno hayajafika, akaondoka tena. Nilimlilia bibi twende kilimani.

"Hapana, Bhoke. Nilitaka ajue kwamba anatakiwa. Ameshajua."

Kwa miaka mingi nilimwona ana moyo mgumu. Sasa wanangu nao wako mbali, na ninatamani bibi angekuwepo nimuulize alizipitishaje zile jioni, amekaa mlangoni, jina la mwanawe limemjaa kinywani, wala haiti.