Siku Baba Alipohesabu Watoto Wake

Mimi na mdogo wangu tulizaliwa asubuhi moja, mimi nikitangulia, yeye akanifuata kabla mkunga hajanawa mikono. Kwetu Usukumani mapacha hawachezewi. Nikipewa karanga mimi, apewe na yeye. Nikichapwa mimi, naye aliguswa na fimbo kidogo ili pasiwe na aliyepunjwa. Mmoja akishikwa na homa, dawa ya mizizi tulikunywa wote wawili, na dawa yenyewe ilikuwa chungu, jamani! Wazazi wetu nao walipoteza majina yao siku hiyo hiyo. Kijiji kizima, huko upande wa Mhunze, kiliwaita Baba Mapacha na Mama Mapacha, nao wakaitika kwa raha.

Baba alikuwa mchimbaji kwenye mgodi wa dhahabu, Geita. Huko aliona karani anakaa kivulini na yeye anashuka shimoni, akaambiwa tofauti yao ni shule. Basi kila likizo alirudi na wimbo mmoja tu: mtihani wa darasa la nne. Wasichana tuliofika darasa hilo tulikuwa wanne, na shule ya bweni ilichukua wachache mno. Mama alituombea kimya kimya. Baba alitutisha kwa sauti.

Majibu yalitoka, miaka ya hamsini ikiwa imeanza. Mwalimu alisoma jina langu. Nikangoja la mwenzangu, maana maishani mwangu sikuwahi kuitwa peke yangu. Mwalimu akakunja karatasi. Nilidhani amekosea, nikamwendea.

"Shikamoo, mwalimu. Umesahau moja."

"Marahaba. Sijasahau," alisema, akatikisa kichwa.

Niligeuka. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu, ameshika gauni langu kwa mkono mmoja kama tulipokuwa wadogo.

Baba alikuja likizo na kitambaa cha maua cha kunishonea gauni la kuendea shule. Kipande kimoja! Mama alikikunjua akakipekua, akidhani kingine kimo ndani. Kabla hajasema neno, jirani mmoja akapiga hodi, akamsalimu Baba na kumuuliza kama watu wote wanavyouliza:

"Na watoto je, Baba Mapacha?"

"Mtoto wangu amefaulu," Baba alisema. "Ninaye mmoja tu sasa. Yule mwingine ni wa kuchunga ndama."

Nilishtuka. Jirani alitazama chini. Mwenzangu alikuwa akipepeta mtama hatua tano tu kutoka pale, na ungo wake haukusimama hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Lakini nitasema kweli, kwa kuwa nimezeeka na sina wa kumwonea haya: chini ya mshtuko ule palikuwa na utamu. Mmoja tu, na huyo mmoja ni mimi.

Jioni Baba aliita, "Mama Mapacha, maji ya kunawa!"

Mama alikuwa jikoni, anamsikia vizuri.

"Mama Mapacha! Huna masikio?"

"Unamwita nani?" Mama alijibu bila kutoka. "Mapacha huwa wawili. Wewe umemwambia jirani unaye mmoja. Sasa huyo unayemwita mimi simjui."

Mama yangu huyo! Mwanamke aliyempa mumewe maji kwa kupiga magoti! Siku tatu alipika, akaandaa, akafagia, wala hakuitika hata mara moja. Majirani wakaanza kupita kwetu bila shughuli yoyote.

Siku ya nne Baba alikwenda dukani, akarudi na kitambaa kingine, maua yale yale. Alikileta hadi shambani tulikokuwa tunapalilia pamba, sisi wawili na Mama, akamnyooshea mwenzangu.

"Chukua. Na wewe ni mwanangu."

Mwenzangu hakupokea. Hakuwa na hasira wala kiburi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Baba, na huyu naye angeanguka mtihani, leo ungekuwa na watoto wangapi?"

Baba alianza kukikunja upya kile kitambaa. Aliyelia ni mimi, niliyefaulu. Nililia kwa kwikwi mpaka jembe likanitoka mkononi, kwa kuwa jibu nililijua, na nilikuwa naondoka kwenda kwenye shule yenye mtihani kila muhula.

Mama alitupa jembe lake, akaruka matuta, akaja moja kwa moja kwangu. Nilishangaa, maana nilidhani anamwendea mwenzangu. Alinishika uso kwa mikono yake yenye udongo.

"Hata ukishika mkia huko," aliniambia, "rudi nyumbani ule."