Siku Simu Ilipopima Kichwa cha Mama

Jamani, musiniulize tena kwa nini sipiti pale chuoni, kwa sababu nikiliona lile jengo tu uso unaniwaka kwa haya, na leo nawaambia mara moja tuachane na hiyo habari.

Nilikuwa natetea kazi yangu ya mwisho wa masomo, hapa hapa Likasi: kuonyesha kwamba ukimpiga mtu picha kwa simu pande zote, mashine inapima fuvu lake sawasawa na kile chuma cha kupimia cha zamani (niliandika kwamba njia hii ni ya kuaminika, tena kwa mbwembwe). Nilipaswa kuonyesha kwa fuvu la plasta la maabara. Lakini nikamwona Mama amekaa mbele, kitenge kipya, ametoka Kikula na batantine wote, dada za marehemu baba, nikataka kumpa sifa kidogo. "Mama, kuya hapa," nikasema, mjinga mimi!

Nikampiga picha, namba ikatokea ukutani: sentimita ishirini na tisa, toka paji la uso hadi kisogo. Profesa akavua miwani. "Ni kichwa ya muntu ao ya ng'ombe?" Ukumbi mzima kicheko.

Hapo ndipo nikakumbuka perike. Mama alivaa nywele za bandia, zimeumuka huko kisogoni, na asubuhi mimi mwenyewe nilizichana, maana zake zilidondoka alipougua na nilimwapia sitamwambia mtu, hata batantine hawakujua. Sasa niseme nini? Nikitaja perike namvua nguo Mama, nikinyamaza kazi yangu imekufa. Mdomo ukaenda wenyewe: "Profesa, mashine haina kosa. Ni kichwa ya mama njo haiko ya kawaida." (Nilisema hivyo. Kwa mama yangu mzazi.)

Kicheko kikakatika. Mama akasimama, akaivuta perike, akaiweka mezani, kipara wazi mbele ya batantine wote.

"Papa," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "kichwa yangu haina mubaya. Pima tena."

Nikapima tena. Ikatoka sawa, na chuma kikakubali. Nikafaulu, batantine wakanimwagia poda ya pongezi kichwani, kama desturi yetu, na vigelegele, nami natamani ardhi inimeze, kwa sababu anayeanza kumwaga poda ni mama mzazi, na wangu alikuwa ameshatoka, kichwa wazi juani.

Nimeapa: siku nyingine ikitoka namba ya ajabu, nitasema ni mimi niliyekosea, basi. Ningesema hivyo siku ile, Mama angerudi Kikula na nywele zake.