Riboni za Harusi Mbele ya Duka la Shosho

Mimi kazi yangu ni kubeba kamera. Sina ofisi wala bosi wa kudumu; mwenye amenipigia simu leo ndiye bosi wa leo. Harusi nimepiga Meru yote na nusu ya Embu, na matanga nimepiga mpaka marehemu wengine wakiniona wanajinyoosha vizuri. Shule niliiona kupitia dirisha, tena dirisha la nje. Lakini macho Mungu alinipa ya kipanga. Nikisimama Nkubu naona mtu wa Embu akiweka chumvi kwa githeri, na naona ni nyingi.

Sasa siku moja jamaa wa Nairobi akanipigia, ati anatengeneza filamu ya miji ya zamani ya huku kwetu mlimani.

"Nataka yale maduka ya mabati na veranda, kabla hayajabomolewa," akasema. "Lakini sitaki watu. Nataka mji umelala."

Nikashangaa. Maisha yangu yote nimelipwa kupiga watu: bibi harusi, bwana harusi, na yule mjomba analilia maikrofoni. Kupiga mlango umefungwa hakuna mtu aliwahi kuniuliza. Nikakubali haraka kabla hajabadilisha roho.

Na wacha nikwambie, hiyo kazi iliniingia kwa damu. Kumbe unaweza kupita mbele ya nyumba miaka yote na hujawahi kuiuliza kitu. Nilienda Kiirua, upepo ukavuma ukabeba kamera na miguu yake mitatu, nikaikuta imesimama katikati ya kondoo kama inachungwa. Nikateremka Embu, nikakuta jengo la mawe, ngazi zake zimelika katikati kama sabuni. Nikauliza wazee hapa palikuwa nini. Mmoja akasema posta. Mwingine akasema palikuwa panapikwa mikate. Wa tatu akaapa ni korti. Nikaondoka nikijua zamani mtu alikuwa anahukumiwa, anapewa mkate, halafu anatumwa kwao kwa stempu.

Lakini duka lenye lilinishika ni moja liko kwa soko ndogo ukiacha Nkubu. Hilo soko silitaji jina, wenyewe watanitafuta. Halikuwa na mlango. Mbele ilikuwa ni mbao ndefu zimesimama moja kando ya nyingine, zinaingia kwa mfereji juu na chini, na ukitaka kufungua unatoa moja moja kama mtu anang'oa meno. Mwenyewe alikuwa shosho mmoja, bibi mzee, mjane. Ploti ilikuwa imeuzwa na watoto wa marehemu mwenye ploti, na Jumatatu tingatinga ilikuwa inakuja kuangusha duka ili wanunuzi wajenge ghorofa.

Nilifika Jumapili asubuhi. Nilichagua Jumapili kwa akili: watu wote wako kanisa, mji umelala vile bosi anataka. Nikaegesha gari mbele ya duka, nikapanga kamera. Shosho alikuwa nje kwa veranda, ameketi kwa kiti cha plastiki. Kando yake ni jirani yake wa bucha, mzee Mwislamu wa kofia, ambaye Jumapili kwake ni siku ya kazi kama zingine. Alikuwa ananoa kisu polepole na kunywa chai ya shosho.

"Muuga, shosho," nikamwamkia. "Mimi ndiye yule wa kamera, tuliongea na simu."

"Kumbe ni wewe? Kwa simu ulikuwa na sauti ya mtu mnene." Akaniangalia kutoka kichwa mpaka viatu. "Haya, piga picha."

"Naomba unifungulie kwanza. Naomba kuona ukitoa mbao, halafu niingie ndani."

"Ndani huingii."

Nikadhani anacheza. Nikaweka jicho kwa tundu moja ya mbao kama kuku anachungulia ghala. Giza. Lakini harufu! Mafuta ya taa, sukari, kitambaa kipya, sabuni ya kipande, yote imetulia humo kama watu wanangoja kuitwa. Pua ilitaka kuingia iniache nje. Nikamwambia, "Shosho, kesho hii kitu haiko. Nisipoipiga leo, hakuna mtu ataiona tena."

"Najua. Na mimi nataka ionekane, usidhani sitaki. Wajukuu wangu wako mbali, wanadhani duka ni kitu iko na milango ya kujifungua yenyewe. Lakini rafu ni tupu. Vitu vyote nilimaliza kuuza juzi." Akashusha kikombe. "Mtu akikufa si mnamvalisha suti? Sasa duka langu mnataka kulipiga picha likiwa uchi?"

"Bosi anataka hivyo hivyo, shosho. Tupu. Anasema inapendeza."

"Huyo bosi ako na mama?"

Mzee wa bucha akacheka mpaka kisu kikaanguka. "Kijana, wewe rudi tu Meru. Huyu nimekuwa jirani yake tangu mabati haya yaking'aa. Akisema hapana, hata mvua inageuza njia."

"Wewe kunywa chai yangu unyamaze," shosho akamwambia.

"Chai yenyewe ni maji ya kuosha sufuria."

"Na bado unamaliza."

Nikabembeleza. Nikaimba karibu nilie. Shosho akakaa ngumu kama jiwe la kusagia. Basi nikapiga nje: mbao, mabati, kutu, nguzo za veranda, na hao wawili wakitukanana. Nikapiga mpaka nguzo zikachoka kusimama. Lakini ndani ilikuwa inaniita, na nilijua nikienda hivyo, ile harufu itanifuata mpaka kaburini.

Sasa kuna kitu sikuwa nimeona, mimi wa macho ya kipanga. Jana yake nilikuwa nimepiga harusi kule Kinoru, na gari yangu ndiyo ilibeba wasimamizi wa bibi harusi. Riboni nyeupe na waridi zilikuwa bado zimefungwa kwa vioo, kwa boneti, kwa kila mahali. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa ile wesikoti yangu ya harusi, kwa sababu ndiyo iko na mifuko ya betri.

Na hapa kwetu kamera haitembei bure. Kamera kubwa ikisimama kwa boma ya mtu, ni harusi ama ni matanga. Hakuna ya tatu.

Kanisa ikaisha. Watu wakatokea pale juu kwa kona, wakaona gari ya riboni, wakaona kamera, wakaona shosho mjane na mzee wa bucha mjane mwenzake wameketi viti viwili wakinywa chai. Wakasimama. Mama mmoja akafunika mdomo na Biblia. Halafu wote wakageuka wakapotea, nikafikiri labda wamesahau kitu kanisani.

Hawakuwa wamesahau. Walikuwa wameenda kwa supamaketi ile mpya ya stage ya matatu. Mwanamke wa huku haendi kwa sherehe mikono mitupu, heri abaki nyumbani akiumwa na kichwa.

Kitu ya kwanza nilisikia ni vigelegele. Mlima Kenya ukatingisika, theluji kidogo ikamwagika upande wa Chuka. Halafu wakaingia kwa barabara, kina mama wa kanisa kama jeshi, viondo vimejaa: sukari, unga, majani chai, sabuni, mafuta, na ndizi mkungu mzima kwa mgongo wa mama mmoja mfupi mpaka ungedhani mgomba ndio unatembea. Wanaimba, wanacheza, vumbi inapanda.

Shosho akasimama. "Kuna nini? Nani anaolewa?"

"Wewe!" wakajibu wote.

"Mimi? Na nani?"

Vidole vyote vikaonyesha mzee wa bucha. Mzee akashusha kikombe, akarekebisha kofia. "Mimi sijaulizwa," akasema. "Lakini sijakataa."

"Huyu?" shosho akasema. "Huyu hata nyama yake mwenyewe anatafuna upande mmoja!"

Watu wakacheka wakalala chini. Nikaelezea: jamani ni filamu, ni ya miji ya zamani, riboni ni za jana. Kicheko kikakatika kidogo kidogo, ikabaki aibu. Wale mama wakaangaliana na mizigo yao. Yule wa mbele akasema, "Na sasa mimi na sukari yangu nifanye nini? Nirudi nayo watu wakiniona?"

Shosho akaangalia ile sukari. Akaangalia viondo, kimoja baada ya kingine, vile mtu wa duka huangalia mzigo ukishuka kwa lori. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Leteni hapa," akasema.

Akageuka kwa duka. Akang'oa ubao wa kwanza, wa pili, na mimi huyo na kamera begani, miguu mitatu nimeitupa huko. Jua likaingia ndani na sisi. Na hapo ndipo niliona. Kaunta ya mti wa muuru, nyeusi kwa uzee, na upande wa wateja iko na mashimo, mashimo ya viwiko. Watu waliegemea hapo miaka na miaka mpaka mti ukawakumbuka.

Shosho akapanga rafu. Sukari hapa, unga pale, sabuni kwa pembe. Mikono ilikuwa inajua njia bila macho. Ndizi akaning'iniza kwa ndoano ya pale mbele. Duka likajaa, likavaa suti. Akapita nyuma ya kaunta akavaa aproni.

"Haya. Nani wa kwanza?"

Wale mama wazee wakaingia, na wallahi sikuwaambia kitu, kila mmoja akaenda akaegemea kwa shimo lake. Wakawa wanasukumana: "Hapo ni pangu." "Pako? Pako ni pale kwa deni!"

"Shosho, nipe sukari nusu kilo."

Akapasua pakiti, akakunja gazeti kama pembe, akapima kwa mizani ya mawe. "Na mzee wako anaendelea aje?"

"Alikufa, shosho, si ulikuja kumzika."

"Najua. Hapa tunauliza tu vile tulikuwa tunauliza."

Yule mama akaweka kiwiko vizuri kwa shimo lake, akasema, "Ako sawa. Amesema nichukue na tumbaku."

Mimi nilipiga mpaka lenzi ikapata ukungu, na haikuwa mvua.

Katikati ya hiyo kelele bosi akapiga simu. "Umepata? Mji umelala?"

"Bosi," nikamwambia, "ulikuwa umelala kabisa. Nimekuja na riboni ukaamka."

Akasikia vigelegele nyuma yangu. Akauliza kama ni filamu ingine. Nikamwambia atume mtu mwingine kesho apige tingatinga, ikimaliza ndiyo kutakuwa na ule ukimya anataka.

Jioni kila mama alibeba kitu kwa gazeti, si lazima chenye alileta. Mzee wa bucha alipewa sabuni, na maneno juu yake. Mimi nilifungiwa ndizi.

Shosho akaanza kurudisha mbao, mimi nikishika kamera. Zikaingia kwa mfereji moja moja mpaka ikabaki moja. Akaishika, akaangalia ndani, akaiegemeza kwa nguzo ya veranda.

"Hii hufungi?" mzee wa bucha akamuuliza.

"Wacha hivyo," akasema. "Tingatinga ikija kesho isivunje. Iingie kama mteja."