Galoni ya Josho

Usiniambie habari ya bahati mbaya. Msiba ule haukuja nyumbani kwangu Sosiot kwa miguu yake. Niliubeba mimi, kwa mkono wangu huu.

Miaka ya hamsini nilikuwa nakoroga dawa ya kupe kwenye josho la ng'ombe la mzungu mmoja, upande wa Fort Ternan. Galoni zikiisha dawa, tunagawiwa. Zina mpini, zina kifuniko cha kubana, nani angekataa? Mke wangu aliisugua ya kwanza kwa mkaa, ule ule wa kusafishia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Kwetu chombo kikipita mkaa huo kimetakata, hakuna maswali. Akawa anabebea maji yake ya kunywa akienda kuchuma chai. Galoni ikivuja, namletea nyingine.

Miguu ikaanza kufa ganzi, kisha vidole. Majani ya chai yakawa yanamponyoka. Nyapara akasema ni uvivu. Ati uvivu! Mwanamke aliyekuwa akijaza kikapu wengine wakiwa bado wanasalimiana! Nilitaka kumng'oa meno.

Hospitalini daktari alitazama mistari myeupe kwenye kucha zake, akapima mkojo, akasema ni aseniki, sumu inayoharibu mishipa ya fahamu. Akaagiza sindano za matakoni, dawa nzito kama mafuta, mchana na usiku. Alieleza kwamba dawa hiyo huikamata sumu mwilini na kuitoa kwa mkojo. Mke wangu alitokwa machozi, mdomo ukimwaka kama ametafuna pilipili. Lakini siku ya mwisho alishika kijiko mwenyewe. Tulicheka kama wajinga.

Daktari alikuwa ameniuliza swali moja tu: "Una adui?" Basi nikaenda kugombana na jirani bure. Kazi yangu hakuna aliyeiuliza. Shenzi kabisa! Na mimi je, niliyeona ndama akinywa maji ya josho na kufa? Sikufikiri. Si mkaa ulikuwa umepita?

Aliporudi nyumbani nilimkaribisha kwa zawadi: galoni mpya.

Mwezi wa pili tangu arudi, alikuwa kitandani tena hospitalini. Nesi, binti wa mfugaji, aliiona galoni niliyombebea uji. "Baba, hii si ya josho?"

Sindano zilitoa sumu tena, ila mikono haikurudi. Mpaka tunamzika, kila asubuhi mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya gauni. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.