Mshono wa Askari wa Kijivu

Drusilla Nyanchoka anajua watu wanamcheka, wala hajali. Pale Suneka kazi yake ni kusugua sanamu za mawe ya sabuni. Mchongaji akimletea kiboko chenye makovu ya patasi, yeye hukitia kwenye beseni la maji akakipiga msasa mpaka kikateleza mkononi. Wanawake wengi wa huko huifanya kazi hiyo. Ila ni nani mwingine ambaye akimaliza viboko hukaa mezani kuunganisha askari wa plastiki wa vita vya angani, wale wa deraya ndefu kama ghorofa, rubani akikaa kifuani? Kanisani wanasema mama mzima amerudia wanasesere. Waseme.

Ugonjwa huo aliupata mjini Kisii, dukani kwa Mukesh, alikopeleka sanamu za kuuza. Rafu ya juu ilikuwa na masanduku ya askari hao yaliyoagizwa na babake Mukesh zamani yakakosa wanunuzi, picha zake zimepauka kwa jua. Siku moja ya mvua Mukesh alimpa moja bure, na tangu hapo hakupona.

Sasa duka liko mikononi mwa Chandni, binti wa Mukesh, naye anapenda vipya. Tuseme haki, vipya ni vizuri ajabu. Vipande huja na rangi zake tayari, hushikana kwa kubonyezwa tu, na askari akishasimama anapiga goti na kushika bunduki kwa vidole vitano. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hiki hata kidonda hakina. Vya zamani ni kijivu kitupu. Gundi utie wewe, rangi upake wewe, goti halikunjiki hata ulibembeleze, na kila mguu, pale nusu mbili zinapokutana, una mshono kama kovu la upasuaji.

Mshono huo ndio uliomtesa Drusilla. Aliuziba kwa fila, ile dawa mafundi wa magari wanayopaka mahali palipobonyea, akaupiga msasa ukapotea. Baada ya siku chache ulirudi, umedidimia kama mfereji. Ikawa hivyo kwa kila askari aliyemuunda.

"Mama Abner, hizi masanduku naondoa," Chandni alimwambia Drusilla siku moja. "Kuna mtu ananunua plastiki kuukuu. Anakuja Jumatatu."

Drusilla akadakia. "Usimpatie. Hiyo kitu haitengenezwi tena."

"Lakini hata yako iko na mshono, mama. Nani atataka?" Chandni akacheka, kisha akamwonea huruma. "Sawa. Leta moja bila mshono Jumapili, Brandon akague. Akikosa kuona, zote ni zako."

Brandon ni fundi wa simu, na kundi lake la waundaji wa askari wapya hukutana dukani hapo Jumapili. Jicho lake halisamehe.

Wiki ile mvua haikukatika na gundi ilikataa kukauka. Ijumaa alasiri ndipo Drusilla alipoweza kuziba mishono, na kwa wasiwasi akalundika fila kama anayekandika nyumba. Papo hapo akachukua msasa, maana mkono wake ulizoea jiwe, na jiwe halingojewi.

"Mama Abner," mumewe Ondieki alisema mlangoni, "jua linaingia."

Ijumaa jua likitua, nyumba ya Msabato haishiki kazi. Drusilla alimfunika askari wake kwa beseni. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo alienda nayo kanisani kesho yake. Mhubiri alieleza uzuri wa kupumzika. Yeye akawaza Jumatatu.

Jumapili asubuhi aliinua beseni. Lile tuta la fila lilikuwa limezama, limebaki juu ya plastiki kidogo tu. Akaligusa kwa ukucha. Lilikuwa gumu kama jiwe.

Hapo akaelewa. Fila huzama inapokauka. Miaka yote hiyo aliisugua ikiwa mbichi, ikazamia baadaye chini ya rangi, na sabato moja ilikuwa imemfunza alichokosa kufunzwa na mtu yeyote. Akalitia beseni maji, akasugua mpaka mguu ukawa kitu kimoja, akapuliza rangi nyembamba mara mbili, akamwanika juani.

Dukani Brandon alimsimamisha askari wake mpya kaunta, akampigisha goti. Kundi likampigia makofi. Askari wa Drusilla alisimama wima kando yake, mzito, mweusi mwenye mng'ao wa shaba, asiyempigia mtu goti.

Brandon akamwinua kwenye mwanga. Akamgeuza. Akapitisha ukucha mguuni, akarudia, akapitisha mkononi, akaita wenzake nao wakatafuta.

"Haiko," akasema. "Mimi sioni, na hata ukucha haioni."

Chandni alishika ngazi, akaanza kuteremsha masanduku. Drusilla alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema kwa Kikwao, "Mbuya mono," vizuri sana, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Alipokuwa akiyafunga kwa kamba, Brandon alimjia akiwa ameinama kidogo, sanduku moja kifuani.

"Mama, niachie hii moja. Na unionyeshe vile unafanya."

Drusilla akamtazama, akamtazama na askari wake aliyepiga goti pale kaunta.

"Chukua," akamwambia. "Njoo Ijumaa. Jua likiingia, tunaacha."