Gitaa Lililoota Moto

Juzi mpwa wangu alikuja kuniaga, eti anakwenda mjini kununua gitaa. Hajui hata kulishika. Nikamuuliza, la namna gani? Akasema, "La ghali, mjomba. Nikianza na bovu nitajifunza ubovu."

Maneno hayo niliyasikia zamani, nikiwa kijana kama yeye. Aliyeniambia nasikia bado yuko hai, na mimi bado sijamsamehe.

Basi ndiyo maana naandika. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo msomaji anivumilie pale kalamu inapochechemea kama mguu wangu. Majina ya watu siyaweki. Lakini wenyewe nitawataja, kila mmoja kwa alilolifanya, na wakisomewa watajijua.

Tulikuwa Nachingwea kwenye kazi ya karanga. Wazungu walileta matrekta, wakasema pori lote lile litakuwa shamba moja. Vijana tukatoka Nandagala na vijiji vyote vya Ruangwa tukaenda kuandikwa. Mimi nilipangwa kwenye kundi la kufyeka. Matrekta mawili yanavuta mnyororo mnene katikati yao, miti inalala kama mabua, na sisi tunafuata nyuma na mashoka. Sheria ilikuwa moja: hakuna kusogea mpaka miti yote imetulia chini. Siku moja msimamizi wetu alikuwa na njaa, akapiga filimbi mapema. Tukasogea. Mti mmoja uliokuwa umeegemea mwenzake ukaachia. Wawili waliokuwa mbele yangu hawakuinuka tena. Mimi ulinipata mguu.

Huyo ndiye ninayeanza naye, mtu wa filimbi. Nasikia siku ile alikula akashiba.

Nililazwa, kisha nikarudishwa kambini nikae tu mpaka mfupa ushike. Nilikuwa nikilala kibanda kimoja na kijana wa kijiji cha Kiegei, mtu ambaye mikono yake haikujua kupumzika. Akaniona nashinda nikitazama ukuta. Akaokota debe tupu la mafuta ya taa, akalikata tundu mbele, akalitia shingo ya mti wa mninga. Nyuzi alizitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli, akaufumua uzi mmoja mmoja huku anauma ulimi. Alipomaliza akaniwekea mapajani.

"Haya, kaka. Kuliko kulia peke yako, lieni wawili."

Lilikuwa na sauti ya kukwaruza, kama mzee anayeongea na tumbaku mdomoni. Nyuzi zilinikata vidole mpaka nikawa nakula ugali kwa shida. Lakini sikuwa na pa kwenda, mguu umefungwa vijiti, nikapiga. Nikapiga mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama kwato. Likianguka, liokote. Likibonyea, ligonge na jiwe lirudi. Likinyeshewa, lifute na shati. Nani wa kukugombeza kwa ajili ya debe?

Hapo ndipo nilipoupata mpigo wangu. Niliutoa kwa wanawake wawili waliokuwa wakitwanga mtama nyuma ya kibanda, kinu kimoja, huyu akiinua mwingine anashusha, na katikati wanapiga kofi moja ili mikono isipishane vibaya. Dole gumba nikalifanya mchi wa kwanza, vidole viwili mchi wa pili, na lile kofi nikaligonga kwenye bati. Kijana wa Kiegei akacheka mpaka akakaa chini.

"Kaka, umetwanga! Sasa pepeta!"

Nikamfundisha. Tukawa tunapokezana, huyu akichoka anampa mwenzake. Jioni watu walikuja na vigoda vyao. Mmakonde anasema mpigo huo ni wa kwao, Myao anakataa, Mmakua anacheza tu. Mpaka leo nikinusa mafuta ya taa, ni jioni zile ninazozisikia. Hakuna kitu nilichowahi kukinunua kinachonirudia namna hiyo.

Pale kambini palikuwa na bendi ya klabu. Mpiga gitaa wao alikuwa ameondoka, na kiongozi wa bendi akawa anatafuta mwingine. Watu walishaanza kunong'ona kwamba karanga hazioti kama Wazungu walivyoota wao, kwamba kazi itafungwa. Bendi ikawa inajipanga kwenda Lindi, na kutoka Lindi mbele zaidi. Mimi mguu ulishika, lakini ulishika upande. Nikijaribu jembe, naanguka. Nirudi nyumbani kufanya nini? Kwangu mimi bendi haikuwa starehe, ilikuwa ndiyo shamba pekee lililobaki.

Kiongozi akaja jioni moja akanisikiliza mpaka mwisho.

"Vidole unavyo," akasema. "Lakini bendi haipigi debe, kaka. Tutachagua mtu baada ya mavuno. Njoo na gitaa la watu. Na usiniletee la rahisi rahisi. Ukianza na bovu utajifunza ubovu."

Namtaja huyo. Alikuwa amesikia kwa masikio yake kwamba sikujifunza ubovu.

Nikaenda dukani. Yalikuwako magitaa mawili yametundikwa ukutani. Moja dogo, la rangi ya mbao, halina mbwembwe. La pili tumbo lake jekundu linang'aa mpaka unajiona uso, na ukingoni limezungushiwa utepe mweupe. Nikanyoosha mkono kwa lile dogo. Mwenye duka akanishika mkono.

"Hilo la watoto. Wewe mtoto?"

"Mimi najifunza tu, bwana."

"Anayejifunza ndiye anayetaka zuri. Likitoa sauti mbaya utajuaje kama kosa ni lako au la gitaa?"

Maneno yalikaa vizuri, na duka zima lilikuwa linatazama. Lile jekundu likanila akiba ya msimu mzima, pamoja na baiskeli niliyokuwa naiwaza. Mwenye duka akalikaza nyuzi mwenyewe, akalipitishia kidole mara moja, mwili wangu ukasisimka wote. Kulikaza hakunifundisha. Kuniambia kwamba mbao zile zimeshikwa kwa gundi tu, hakuniambia.

Debe nikamrudishia kijana wa Kiegei, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima.

Basi likaanza jambo ambalo sikulijua nilipokuwa na debe: woga. Jasho litaharibu rangi, nikalishika na kitambaa. Wenzangu wakitaka kujaribu, nawakatalia, na wao wakaacha kuja na vigoda vyao. Mvua ikitishia, nalifunga kwa kanga mbili na kulining'iniza darini. Nilikuwa nikitoka kazini, wakati huo wameniweka kufagia ghala, nalishusha, nalifuta, nalitazama, nalipiga kidogo kwa ncha za vidole, nalirudisha. Nilikuwa mlinzi wake. Kijana wa Kiegei alikuwa anakaa nje anatwanga kwenye debe, ananiita, "Kaka, toka na bibi harusi wako!" Nami nasema kesho.

Mavuno yalipokwisha, mjomba wangu akanitumia ujumbe kutoka Nandagala. Mdogo wangu anatoka jandoni, nije. Na nije na hicho kitu alichosikia nimekinunua. Msomaji wa mbali lazima aelewe: kwetu mtu ni wa mjomba wake. Unachokichuma kazini hukianzi kukitumia mpaka kimepita mikononi mwake, akakigeuza, akakibariki. Kukataa ni kama kumwambia hukuzaliwa na dada yake. Na mjomba wangu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa fundi wa ngoma, hakuna jando lililochezwa upande ule bila mkono wake.

Nikapanda lori la wanunuzi wa ufuta, gitaa nimelikumbatia juu ya magunia. Barabara ilitutikisa mpaka Ruangwa, na kutoka hapo nikatembea. Nilipofika Nandagala nyuzi zilikuwa zimelegea zote, zinatoa sauti kama mtu amepigwa ngumi ya tumbo.

Ilikuwa alasiri. Ngoma zilikuwa zimepangwa mstari mbele ya moto wa mabua, ngozi zinaota joto ili zikaze, na mjomba anapita akizigonga kwa kidole, moja anaisogeza, nyingine anaigeuza. Akalipokea gitaa kwa mikono miwili. Akaligonga tumbo. Akavuta uzi, akakunja uso.

"Kitu chako kimelegea, mpwangu. Hakijaota moto."

"Mjomba, hiki hakina ngozi. Kinakazwa hapa juu, kwa masikio haya."

"Kina tumbo, hakina?"

"Kinalo."

"Ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mjomba."

"Basi ni ngoma. Waliokuuzia wamekuuzia mbichi."

Akaliweka kwenye mstari, kati ya ngoma kubwa na ndogo yake, tumbo jekundu linatazama moto. Wazee wamekaa pale. Mama yangu amekaa pale. Nilisimama na mguu wangu mbovu. Ningelinyakua vipi kutoka mbele ya mjomba, siku ya jando, mbele ya watu? Yuko mtu wa kwetu angelinyakua? Nionyeshwe.

Rangi ilianza kutoa mapovu. Kisha tumbo likavimba taratibu, kama andazi. Kisha, paa! Kile kijiti kinachoshika nyuzi kikang'oka, kikarukia kwenye majivu, na nyuzi zote zikajikunja shingoni. Wanawake wakapiga vigelegele, wakidhani ndivyo linavyopigwa.

Mjomba akaliinua, akachungulia ndani, akanusa.

"Uji," akasema. "Wamekubandikia kwa uji." Akanirudishia kama vile yeye ndiye aliyekosewa. "Ngoma isiyostahimili moto, mpwangu, utaichezea nani?"

Watu wakacheka, shughuli ikaendelea. Na mjomba alizipiga ngoma vizuri siku ile, Mungu ananiona, alipiga vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo nililomchukia zaidi.

Nikarudi Nachingwea. Seremala wa kambi hakuwa na gundi ya kazi hiyo, akaligonga misumari. Siku ya kuchagua ikafika. Tulisimama mbele ya klabu, na gitaa langu lilitoa mlio wa sanduku. Bendi nzima ikageuka upande kuficha meno. Kiongozi akanihurumia, au alitaka kunimaliza, sijui. Akachukua gitaa la bendi, zima kabisa, akanipa.

"Piga hili. Ule mpigo wako wa kinu."

Nikalishika. Wallahi nilijua kila kitu mahali pake. Lakini ncha za vidole zilikuwa zimelainika kama za mtoto, nyuzi zikaniuma, dole gumba likachelewa, mchi ukampiga mtwangaji. Nikaanza tena. Nikaanza tena.

"Ulisema vidole ninavyo," nikamwambia.

"Ulikuwa navyo."

Kijana wa Kiegei hakuja kuchaguliwa. Alikuja kunisindikiza, na debe liko mgongoni kwa sababu siku hizo lilikuwa haliondoki mgongoni. Mmoja wa bendi akamtania, "Na wewe na karai lako, hutupigii?" Akakaa chini, akapiga. Alipiga mpigo wangu, alioupata mikononi mwangu, kwenye debe lililotengenezwa kwa ajili ya mguu wangu. Lile kofi aliligonga kwenye bati mpaka mpishi akatoka jikoni.

Kiongozi hakuuliza debe ni la rahisi au la ghali. Alisema, "Gitaa tunalo. Panda lori."

Nikamwambia mbele ya wote: uliniambia bendi haipigi debe. Akacheka. "Debe hatupigi, kaka. Tunamchukua yeye."

Kijana wa Kiegei alinifuata nyuma ya klabu. "Kaka, twende wote. Utabeba vyombo." Kisha akautazama mguu wangu, akatazama chini. Lori lao liliondoka na yeye ameketi juu ya ngoma, debe mgongoni, ananipungia mpaka vumbi likamfunika. Simlaumu. Katika wote niliowataja kwa lawama yeye hayumo. Kambi ikafungwa, matrekta yakaanza kuota kutu, nami nikarudi Nandagala kuokota korosho za watu.

Miaka ikapita. Tulikuwa Ruangwa sokoni, mimi na mjomba, tumepeleka ufuta. Dukani palikuwa na redio. Ukatoka wimbo, gitaa safi, tamu, la watu kweli kweli, na katikati yake nikasikia mchi unapanda, mchi unashuka, kofi. Huko kofi waliligonga kwenye mbao, si bati, lakini lilikuwa lile lile. Mkono wangu ulikuwa juu ya gunia la ufuta. Nikaona vidole vinatembea vyenyewe.

Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake. Wimbo ulipokwisha akanigusa bega.

"Umesikia, mpwangu? Hilo ndilo gitaa la ghali. Si lile lako."

Nilingoja labda wataurudia wimbo ule.