Mguu Juu ya Kiti

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa, Mama Mkasi alifunga mlango wa chumba kwa komeo. Mumewe, mpaka rangi za nyumba na mtu wa maneno mengi, alishazoea kusimama nje akigonga.

"Mama Mkasi, umemficha nani humo? Mwambie atokee dirishani, mimi nataka suruali yangu!"

Ndani, mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu wa kushoto ameupandisha juu ya paja la kulia, anaukagua kama askari anayekagua mizigo. Alianzia nyuma ya goti, kwenye vishipa vyekundu na vya zambarau, vyembamba kama nyuzi zilizomwagika. Akashuka kwenye shavu la mguu, ambako mshipa mnene wa kibluu ulijinyonganyonga chini ya ngozi. Mwisho akafika juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, penye baka la kahawia lenye ukubwa wa kisigino cha mtoto. Hapo alikawia. Alilibonyeza, akalitazama, akalibonyeza tena. Halijatoboka. Basi moyo ulitulia, akavaa sketi yake ndefu na kufungua mlango.

Jamani, mtu kuanza siku yake namna hiyo, kila siku ya Mungu! Lakini alikuwa na sababu. Hapo hapo, upande huo huo, ndipo kidonda cha mama yake kilipoanzia.

Mama yake aliishi nao. Watoto wa nyumba hiyo walimwita Bibi, na hata walipokuwa wakubwa wakahama, jina likabaki, mpaka mkwewe naye akawa anamwita hivyo. Ujanani Bibi alifua na kupiga pasi nguo za watu, kazi ya kusimama kutwa. Mishipa ikamvimba, baka likatokea, likachimbika, na kidonda kikakaa. Kilikuwa kikifunga kidogo, watu wakianza kushukuru, kinafunguka tena. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya kupaka, ya pili ikampa vidonge, majirani wakaleta asali na majani na ushauri usioisha. Miaka kumi na moja. Tangu siku aliyokwenda msibani na mwanamke mmoja akainuka akahamisha kiti chake, kisa harufu, Bibi hakutoka tena nyumbani.

Mama Mkasi alimpenda mama yake kufa kupona, asije mtu akadhani vinginevyo. Yeye ndiye aliyekiosha kidonda kile kila jioni. Yeye ndiye aliyemwendea seremala akamtengenezea Bibi kiti cha mbao chenye egemeo refu, akakishonea mto mnene kwa mkono wake, akakiweka mlango wa nyuma mahali jua linapopiga vizuri. "Kidonda kinataka kukauka," alisema, na hakuna aliyembishia. Kila asubuhi alimketisha Bibi pale, miguu chini, juani, na Bibi hakunyanyuka mpaka jua lipungue. Kiti kile kilimpa Mama Mkasi fahari. Alijiona mtoto mwema, na alikuwa mwema.

Ila alipokuwa anakiosha kidonda, alikuwa na woga mmoja ambao hakumwambia mtu. Hakuwa anauona mguu wa mama yake. Alikuwa anauona wake.

Kazini ndiko jina la Mama Mkasi lilikotoka. Kilikuwa kiwanda kidogo cha kushona sare za shule, na yeye ndiye mkataji. Vitambaa vilipangwa juu ya meza tabaka kwa tabaka, akaweka pateni ya karatasi, akachora kwa chaki, akakata. Hiyo si kazi ya kukaa. Ukikaa mkono haufiki, na mkasi unakwenda upogo. Wenzake waliketi kwenye cherehani zao, yeye akasimama kuanzia asubuhi mpaka kufunga, akiegemea mguu huu, akahamia ule. Jioni mguu wa kushoto ulikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa, na lile baka lilimwasha mpaka akatamani kulikwangua kwa rula.

Alijitafutia dawa kwa akili ya kifundi. Alichukua soksi ndefu, akazishonea lastiki pana ya sare chini kidogo ya goti, ikabana sawasawa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: damu inashuka inajaa chini, basi mlango ufungwe juu. Soksi ziliacha alama kama ya kamba. Mguu ukazidi kuvimba. Akaongeza lastiki ya pili.

Na hospitali je? Thubutu! Mshona vifungo wa pale kazini alishamsimulia habari za binamu yake aliyeingia hospitali na mshipa umevimba, akatoka na mguu mmoja, anatembelea gongo. Huyo mshona vifungo hajawahi kusimulia kitu bila kutia chumvi, anajulikana, lakini mtu aliyeingiwa na hofu haulizi chumvi imetiwa kiasi gani. Mama Mkasi alilisikia lile neno gongo, na tangu siku hiyo akipita mbele ya hospitali alitazama upande mwingine.

Mambo yaliharibika jioni moja ya kawaida kabisa. Alitoka kazini amechoka, akapasha maji ya kuoga, akaingia bafuni. Baka lilikuwa linawasha kupita kiasi. Pembeni yake kulikuwa na kijivimbe cha kibluu, kidogo kama punje ya mtama, ambacho kwenye ukaguzi wa asubuhi alikuwa anakikwepa kukigusa. Maji ya moto, mwasho, jiwe la kusugulia miguu mkononi. Alisugua mara moja tu.

Hakusikia maumivu. Aliona maji sakafuni yanabadilika rangi, akashangaa yanatoka wapi. Kisha akauona mchirizi mwembamba unaruka kutoka mguuni mwake na kupiga ukuta wa bafu.

"Baba watoto!" Sauti haikuwa yake. "Baba watoto, njoo, nakufa!"

Mpaka rangi alikuja mbio, akamkuta amejifunga kanga, amesimama, ameshika ukuta, damu inamtiririka. Siku hiyo hakuwa na mzaha hata mmoja. Alimbeba mkewe mpaka mlango wa nyuma, akamwinua Bibi, aliyekuwa bado anangoja kuoshwa kidonda, kwenye kile kiti kwa mkono mmoja, akamketisha Mama Mkasi, akavua mkanda wake wa suruali akamfunga chini ya goti kwa nguvu zake zote. Damu ikazidi. Akakaza. Ikazidi tena.

"Inakataa!" alisema, huku suruali inamteremka na yeye hajui. "Bibi, mbona inakataa?"

Bibi alikuwa ameshikilia fremu ya mlango. "Mwanangu," alisema tu. "Mwanangu, mwanangu."

Mama Mkasi aliitazama damu yake inaingia kwenye ufa wa sakafu. Akawaza kwamba ndiyo basi, kidonda kimefunguka, na hakitafunga. Macho yakaingia giza. Akateleza kutoka kitini kama nguo iliyoanguka kwenye kamba, akalala chali sakafuni, na ule mguu wake wa kushoto ukabaki umenasa juu ya kiti, kisigino kwenye mto.

Mpaka rangi akapiga magoti, akaung'ang'ania ule mguu kwa taulo, akabonyeza pale panapotoka damu, akilia waziwazi. Alibonyeza, akabonyeza. Baada ya muda akainua ncha ya taulo kwa hofu. Damu ilikuwa imesimama.

Walipofika hospitali asubuhi, Mama Mkasi hakuwa na mtu wa kumdanganya tena. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpaka mafuta baridi mguuni, akapitisha kifaa juu ya ngozi, na kwenye skrini rangi nyekundu na ya bluu zikawa zinapanda na kushuka. Mama Mkasi hakutazama skrini. Alitazama dari.

"Mtanikata lini, daktari?"

"Nikate nini?"

"Mguu."

Daktari akaweka kile kifaa chini. "Mama, nani kakwambia habari ya kukata mguu? Sikiliza. Ndani ya mishipa hii kuna vimilango. Damu ikipanda kurudi moyoni vinafunguka, ikitaka kushuka vinafunga. Vyako vimelegea. Damu inarudi chini, inatuama hapa kifundoni, ngozi inachoka, inabadilika rangi. Mtu anayesimama kutwa, na kama mama yake au baba yake ana hali hii, huwa inampata sana. Huu mnene tutauziba kwa joto. Tunapitisha kijiwaya ndani yake, ganzi ya hapo hapo tu, na siku hiyo hiyo unarudi kwako kwa miguu yako."

"Na damu itapita wapi?"

"Kuna mishipa ya ndani zaidi, na yako ni mizima. Hiyo ndiyo inayofanya kazi kubwa. Vidogo vya pembeni tutavichoma sindano ya dawa, vitafunga. Na hivi vyekundu nyuma ya goti, wengine wanaita mishipa ya buibui, hivi ni suala la urembo. Ukitaka viondoke sawa, usipotaka viache."

Miaka mitatu amevikodolea macho vile vya nyuma ya goti, kumbe havina hatia! Mama Mkasi alitamani kucheka, ikatoka sauti ya ajabu tu.

Daktari akaziona soksi za lastiki kwenye mkoba uliokuwa wazi. Akazishika, akazivuta, akatabasamu. "Umeshona mwenyewe? Wazo ni zuri, umeligeuza tu juu chini. Soksi ya mguu huu inabana zaidi kifundoni, na inalegea kadiri inavyopanda. Hii yako ilikuwa inaziba njia ya damu kurudi." Kisha akauliza, "Umesema jana damu ilisimama. Nani alikuinulia mguu?"

"Nilianguka. Ukabaki kwenye kiti."

"Basi kuanguka ndiko kulikokuokoa. Mshipa huu ukipasuka, mtu analazwa, mguu unainuliwa, panabonyezwa. Ukiketi miguu chini, unazidi kuijaza damu."

Mpaka rangi, aliyekuwa kwenye kona, akafuta uso kwa kiganja. Mama Mkasi, kuna kitu kilikuwa kinamjia taratibu, na hakukitaka kije.

"Daktari, na hili baka likishafunguka? Likawa kidonda?"

"Linatibika. Bandeji ya kubana kuanzia vidoleni kwenda juu, mguu unainuliwa kila unapopumzika, na mshipa wenyewe unatibiwa. Vingi vinafunga ndani ya miezi."

"Hata cha miaka kumi na moja?"

Daktari akamtazama vizuri. "Nani ana kidonda cha miaka kumi na moja?"

"Mama yangu."

"Mchana anakaa vipi?"

"Kwenye kiti. Juani, ili kikauke."

"Miguu chini?"

"Chini," alisema Mama Mkasi, na hapo machozi yakamtoka ambayo hakuyatoa hata alipoiona damu yake ukutani.

Daktari hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Alisema tu Bibi aletwe Alhamisi, asifungwe kitu chochote kabla ya kupimwa, kwa sababu kama damu haifiki vizuri vidoleni, kumbana kunaweza kumdhuru. "Lakini mguu mwinulie. Akisema unamuuma zaidi, ushushe, uje naye haraka."

Wakashika njia ya nyumbani. Mama Mkasi alikuwa anajipanga. Atamwambia nini? Atamwambia kwamba miaka yote hiyo alikuwa anamketisha juu ya kidonda chake mwenyewe? Na Alhamisi je, kama watapima wakute damu haifiki? Ile hofu ya zamani ilikuwa imemtoka mguuni, ikahamia kwa mama yake, na huko ilikuwa nzito zaidi.

Walimkuta Bibi pale pale, kwenye kiti, juani, miguu chini. Sakafu ameshaisugua mwenyewe, sijui kwa nguvu gani.

"Wamekukata?" aliuliza kabla ya salamu.

"Hawakati, Mama. Inatibika." Akachuchumaa mbele yake. "Hata hicho chako wanasema kinaweza kupona."

Bibi alimtazama. "Ulikuwa unafunga mlango kila asubuhi," alisema. "Nilikuwa nalisikia komeo. Nikajua. Mwendo wako wa jioni ni mwendo wangu. Nikasema, mwanangu ananiogopa mimi."

"Nilikuogopa, Mama. Nisamehe. Na hiki kiti..." Akakishika ukingo. "Hiki kiti ndicho kilichokizuia kidonda kupona. Kukaa na miguu chini. Mimi ndiye niliyekuketisha."

Mpaka rangi aliangalia ukuta kana kwamba anatafuta pa kupaka. Bibi alipapasa egemeo la kiti, akaupapasa mto ulioshonwa kwa mkono.

"Kwa hiyo kingepona zamani?"

"Sijui, Mama. Labda."

Bibi akavuta pumzi. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, wakamwinua, wakamlaza kwenye mkeka uliotandikiwa godoro dogo. Mama Mkasi akakisogeza kiti, akaushika ule mguu wenye kidonda, kwa mara ya kwanza bila kuzuia pumzi, akaupandisha juu ya mto.

"Unauma?"

Bibi alifumba macho, akausikiliza mguu wake.

"Unapumua," alisema. "Hebu niinulie na huo mwingine."